Kiangazi cha trekta Mtwara na Lindi: kazi za Mei hadi Oktoba

Mvua ikishakatika, kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, matrekta mengi ya Kusini huegeshwa chini ya mwembe, plau ingali nyuma na udongo wake umekaukia kwenye diski. Hapo ndipo yanapokaa hadi Novemba. Novemba ikifika, foleni kwa fundi imeshafika barabarani, beringi haipatikani mjini, na ekari zote za kijiji zinakwenda kwa yule ambaye trekta lake linawaka.

Kazi za kiangazi zina mpangilio wake, nao unafuata unyevu wa udongo. Kinachotaka udongo wenye ubichi kidogo kifanywe kwanza, Mei na Juni: barabara ya shamba na njia za moto. Ufundi usubiri Julai na Agosti, maana spana haikauki. Wengi hugeuza: wanaanza na ufundi, wanamaliza Agosti, kisha wanaingia barabarani wakati mchanga wa Newala au Tandahimba umeshakuwa kama sukari, haushikani hata ukiushindilia siku nzima.

Nusu siku ya kwanza

Kabla ya kazi yoyote, osha na upake grisi. Tumia maji baridi, yasiyo na chumvi, ya kisima au ya bomba. Kama trekta limebeba chumvi au mchanga wa ufukweni, kwa walio Mikindani, Mchinga au Kilwa, usiliache lilale hata usiku mmoja bila kuoshwa. Rejeta huoshwa kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa maji yasiyo na nguvu. Ukielekeza maji ya kasi kutoka mbele, unazisukuma mbegu za nyasi ndani zaidi na kupinda mapezi yake.

Salfa, ule unga wa kupuliza mikorosho, iliyomwagika kwenye bodi isiachwe. Ikikutana na unyevu hutengeneza tindikali inayokula chuma na nyaya, na unga wake ukitua kwenye ekzosi ya moto unaweza kuwaka.

Grisi: futa kila nipo (kichuchu cha kuingizia grisi) kwa kitambaa kwanza, ndipo uweke pampu. Chembe ya mchanga iliyokaa kwenye ncha ya nipo haiendi popote ila ndani ya bushi, na umeisukuma mwenyewe kwa mkono wako. Pampu hadi grisi ya zamani, nyeusi, ianze kutoka pembeni.

Oil ya injini ibadilishwe sasa, msimu unapoisha. Usingoje unaofuata uanze. Oil iliyotumika ina masizi na asidi, na ikikaa miezi sita juu ya beringi za injini inazichimba taratibu. Chemsha injini dakika kumi, zima, toa oil ikiwa moto, badilisha na filta. Trekta la silinda nne la farasi 60 hadi 80 kwa kawaida huchukua lita 7 hadi 9 za 15W-40, lakini neno la mwisho ni la kijiti cha kupimia.

Barabara ya shamba, mwezi Mei

Bledi ya nyuma ndiyo chombo chake, ila wachache wanayo. Kinachoweza kutengenezwa nyumbani ni buruzo la magogo. Chukua magogo mawili ya mti mgumu, kila moja mita 2.4 kwa urefu na sentimita 20 kwa unene, uyachonge upande mmoja yawe bapa. Yapange sambamba, nafasi ya sentimita 70 kati yao, uyafunge kwa vipande vitatu vya mbao nene na boliti ndefu. Kwenye uso wa gogo la mbele piga bapa la chuma la milimita 6, litokeze chini sentimita moja. Hicho ndicho kisu.

Mnyororo wa kuvutia ufungwe ncha zote mbili za gogo la mbele, upande mmoja mfupi kuliko mwingine, ili buruzo liende limelala kwa pembe ya nyuzi 30 hivi na kusukuma udongo kuelekea katikati ya njia. Pita upande wa kushoto ukienda, na upande wa pili ukirudi. Baada ya mizunguko minne au mitano katikati inakuwa imepanda. Kwa barabara ya upana wa mita 4, katikati iwe juu ya kingo kwa sentimita 8 hadi 10. Ikiwa bapa, maji ya Januari yatatembea kwenye alama za magurudumu na kuchimba korongo.

Mnyororo ufungwe kwenye baa ya kuvutia, chini. Usiufunge kwenye pini ya juu ya mikono mitatu hata kama mzigo ni mwepesi. Buruzo likinasa kwenye kisiki na mvuto uko juu ya ekseli, gurudumu la mbele hunyanyuka na trekta humpindukia dereva kabla hajakumbuka klachi.

Pale mchanga ulipozidi, mwaga udongo mwekundu au changarawe. Hesabu yake ni rahisi: mita 100 za barabara, upana mita 4, unene sentimita 5, ni mita za ujazo 20. Tela la tani 5 hubeba mita za ujazo 3 hivi za changarawe mbichi, kwa hiyo ni safari saba. Anayekuambia atamaliza kwa safari nne atakuvunjia ekseli. Kwenye mteremko chepusha maji kila mita 20 hadi 30 kwa mfereji mfupi unaoingia majanini, tena upande usio na nyumba ya jirani.

Njia za moto, na haro ndani ya mikorosho

Hii ndiyo kazi inayolipa kuliko zote za kiangazi, na ndiyo inayoahirishwa kuliko zote. Moto wa wawinda panya hautoi taarifa, na mkorosho uliochukua miaka kukua unaungua mchana mmoja.

Chukua shamba la hekta moja, mita 100 kwa 100. Mzunguko wake ni mita 400. Haro (zana ya diski za kuvuruga udongo) ya upana wa mita 2 ikipita mara tatu sambamba inakupa njia ya mita 6, yaani mwendo wa mita 1,200. Kwa kilomita 6 kwa saa hizo ni dakika 12, ukiongeza kugeuza kwenye kona ni robo saa. Ukirudia mara mbili umetumia nusu saa na lita tatu au nne za diseli. Ni kazi ya kabla ya chai.

Pepo za kusi ndizo zinazotawala Juni hadi Septemba, zikivuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Moto unaotoka upande huo unakuja mbio, na cheche zake zinaruka. Kwa hiyo upande wa kusini na kusini-mashariki wa shamba usiupe mita 6, upe 8 hadi 10. Pande nyingine mita 6 zinatosha kama nyasi za jirani si ndefu.

Fyeka kwanza nyasi ndefu, kisha pitisha haro mara ya kwanza mwishoni mwa Mei au mapema Juni, udongo ukiwa bado na ubichi na nyasi bado ni kijani. Subiri siku 10 hadi 14 magugu yachipue, pitisha tena. Agosti kagua kwa miguu. Majani makavu ya mikorosho yaliyopeperushwa juu ya njia ni kuni, na njia yenye majani ni sawa na hakuna njia. Yafagiliwe. Kwenye mteremko mkali usilime njia ya kushuka na maji. Fyeka tu chini kabisa, la sivyo mvua ya kwanza itaigeuza kuwa bonde.

Kwa palizi kati ya mistari, haro ina mipaka yake. Mkorosho una mizizi mingi ya kulisha karibu na uso wa ardhi, na diski zikizama sentimita 15 zinaikata wakati ule ule mti unajiandaa kutoa maua. Usizidi sentimita 10, na usiingie ndani ya kivuli cha mti. Huko chini ni kazi ya jembe la mkono. Mikorosho iliyopandwa mita 12 kwa 12 ikishakua inaacha njia ya kupita trekta, ya zamani iliyobanana haiachi. Pogolea kwanza matawi yanayogusa usukani, kwa sababu tawi linalokosa ekzosi huwa halimkosi dereva. Maua yakianza kufunguka, haro itoke shambani.

Septemba, kabla korosho hazijaanza kudondoka kwa wingi, kinachohitajika ni slasha, mashine ya kufyeka inayofungwa nyuma ya trekta, ili chini ya mti pawe peupe na korosho zionekane. Tembea shamba zima kwanza, kila kisiki kichomekewe fito yenye kitambaa. Endesha PTO, yaani shafti ya nyuma ya trekta inayozungusha zana, kwenye mizunguko 540 kwa dakika kama ilivyoandikwa kwenye dashibodi. Slasha inayozunguka polepole inalaza nyasi badala ya kuzikata. Visu viache sentimita 8 hadi 10 juu ya ardhi. Watu wakae mita 50 au zaidi, na mtoto asibebwe kwenye trekta, hata akilia.

Boliti ya kukatika kwenye shafti ya slasha ina kazi moja: kufa badala ya gea boksi. Ikikatika mara tatu kwa siku, watu huweka kipande cha nondo. Kisiki kinachofuata kinapasua gia, na gia za slasha hazichongwi kijijini. Nunua boliti kumi za daraja lile lile la kiwandani, ziwe kwenye kikopo chini ya kiti.

Nyasi kavu huziba rejeta. Dalili ni mshale wa joto unaopanda mchana tu na kushuka jioni. Funga wavu mbele ya rejeta, ule wa dirishani wenye matundu ya wazi. Chandarua kikuukuu hakifai, matundu yake ni madogo mno na kinaziba hewa ndani ya saa moja. Simama kila baada ya saa mbili, zima, kung'uta wavu, na utoe nyasi zilizojikusanya karibu na ekzosi. Beba madumu mawili ya maji na koleo.

Tela la maji kwa ajili ya kupuliza

Uwanda wa juu wa Makonde hauna mito, na msimu wa kupuliza dawa ya maji ya ubwiri unga (ugonjwa wa ukungu wa mikorosho), Juni hadi Agosti, unaangukia kiangazi kabisa. Tela lenye matangi mawili ya lita 1,000 linabeba tani mbili za maji. Bloa ya mgongoni yenye tangi la lita 13 hivi inajazwa mara 150 kutoka safari moja.

Tangi la plastiki halivumilii nafasi chini yake. Panga mbao za inchi 2 kwa 6 zibanane bila pengo. Tangi lililokaa juu ya vyuma viwili vya fremu hupasuka kitako siku ya pili au ya tatu, tena likiwa limejaa. Liweke mbele kidogo ya ekseli ili sehemu ndogo ya uzito iende kwenye ndoano ya trekta. Uzito ukiwa nyuma ya ekseli, tela linanyanyua mkia wa trekta na magurudumu yanakosa mshiko mlimani. Funga kwa mikanda ya lori, kwa sababu waya hukata plastiki.

Safiri na tangi lililojaa pomoni au tupu. Maji nusu tangi yanakimbia huku na huko, na kwenye kona ya mteremko yanaweza kulilaza tela. Kama hayatajaa yote mawili, jaza moja, la karibu na ekseli.

Mdomo wa kujazia uwe na wavu laini, maana mchanga wa kisimani ndio unaoziba pua za bloa. Toleo liwe chini, na koki ya inchi moja na nusu. Dawa ichanganywe kwenye ndoo pembeni, isiingizwe ndani ya tangi: tangi likishaingia dawa mara moja, halibebi tena maji ya kunywa, hata lioshwe kwa sabuni gani.

Julai na Agosti, chini ya paa

Sasa spana. Anza na plau. Iinue, iwekee magogo chini (jeki ya haidroliki peke yake haiaminiki kwa mtu aliyelala chini), shika diski kwa mikono miwili, juu na chini, utikise. Ikicheza, fungua kifuniko cha beringi, toa kila kitu, osha kwa diseli, angalia njia ya beringi kwenye mwanga. Ukiona alama za kahawia zenye vishimo, hiyo imekwisha, grisi haitaifufua. Kama ni safi, paka grisi ukiisukuma kati ya roli kwa kiganja, rudisha, kaza nati huku ukizungusha diski hadi iwe nzito kidogo, kisha irudishe nyuma kidogo tu mpaka izunguke bila kucheza. Weka pini mpya ya kufungia. Sili ibadilishwe kila ukifungua. Ni rahisi kuliko beringi, na kwenye mchanga wetu ndiyo inayoamua beringi itaishi miezi mingapi.

Pima diski kwa futi. Diski mpya ya inchi 26 ni sentimita 66. Ikifika 58 hivi plau haizami vizuri hata ukiongeza mzigo, na dereva anajaribu kufidia kwa kushusha haidroliki mpaka trekta linavuta kwa shida na kunywa diseli. Badilisha zote kwa pamoja. Diski moja mpya kati ya mbili kuukuu itaacha matuta shambani.

Haro ina ugonjwa wake. Diski zake zimepangwa kwenye shafti ya mraba na kubanwa na nati kubwa mwishoni. Nati ikilegea nusu mzunguko, diski zinaanza kucheza juu ya shafti, na ndani ya siku moja tundu la mraba linakuwa la mviringo. Hapo unanunua diski na shafti pia. Tumia spana yenye bomba la mita moja na nusu kama mkono, kaza, gonga shafti kwa nyundo kupitia kipande cha mbao, kaza tena. Kisha, jambo ambalo karibu kila mtu husahau, kaza mara nyingine baada ya saa ya kwanza ya kazi.

Ukimaliza, paka diski zote oil chafu na uziweke juu ya mbao. Kopo la oil chafu lisimwagwe karibu na kisima.

Vipuri vinunuliwe sasa. Andika namba zilizogongwa kwenye beringi na sili, na uwe na kile kilichochakaa mkononi, maana neno "ya Massey" halimtoshi muuza duka. Maonyesho ya Nanenane kwenye uwanja wa Ngongo, Lindi, ni nafasi ya kuonana na wauza zana bila safari ya Dar es Salaam. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951, ulifikisha mashine hadi Nachingwea. Nyingi za mpango huo zilikuwa masalia ya vita, na kupata vipuri vyake kulikuwa tabu tangu mwanzo. Trekta lililotumika, la aina isiyo na vipuri mkoani, lina shida hiyo hiyo leo, hata kama bei yake ni tamu.

Mengine ni ya haraka. Tangi la diseli lijazwe, kwa sababu tangi tupu hukusanya maji kwenye kuta zake usiku wa kipupwe. Betri ikiwa imejaa husoma volti 12.6, ikishuka hadi 12.2 ichaji, usingoje ife. Iongeze maji ya betri (distilled water), usiongeze tindikali. Rejeta isijazwe maji ya kisima cha pwani, yana chumvi. Kama trekta litalala zaidi ya mwezi, kanyaga klachi uibane na kipande cha mbao, vinginevyo sahani yake inaweza kushikana na gurudumu la injini kwa kutu. Funika mdomo wa ekzosi kwa kopo, la sivyo nyigu watajenga humo. Na kama banda ni la makuti, kagua nyaya kila wiki. Panya wanapenda makuti, na wakishatulia humo wanahamia kwenye nyaya.

Tela la korosho

Kuanzia Oktoba tela linakwenda ghala la AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) kila siku, kwa hiyo liwe tayari Septemba. Magunia 60 ya kilo 80 ni tani 4.8, huo ndio mwisho wa tela la tani 5. Magunia 80 yanaingia, ndiyo, na ndiyo maana unaona matela yamekaa pembeni ya barabara na gurudumu limelala kama mtu mwenye kisigino kibovu. Inua kila gurudumu, tikisa, fanya kama ulivyofanya kwenye plau. Pini ya ndoano iwe nzima, isiwe nondo, na iwe na klipu yake, pamoja na mnyororo wa akiba kati ya tela na trekta. Bandika viakisi mwanga nyuma, kwani safari nyingi zinaishia gizani.

Pedali mbili za breki zifungwe pamoja kabla ya kuingia barabarani. Shambani tunazitenganisha ili kugeuza. Ukisahau na kukanyaga moja kwenye mteremko wa kutoka Newala, trekta linageuka na tela linaendelea mbele. Gia ya kushukia ichaguliwe juu, kabla ya mteremko, ile ile ambayo ungeitumia kupanda. Klachi isikanyagwe hadi ufike chini.

Siku moja ya mwisho wa Oktoba, kabla ya wingu la kwanza, washa na ufunge plau. Injini ikigoma, huenda kuna hewa kwenye njia ya diseli: legeza skrubu ya juu ya filta, pampu kwa mkono hadi povu liishe, kaza, kisha fanya hivyo kwenye pampu ya injekta. Lima mistari miwili kwenye kipande cha bondeni chenye ubichi, simama, shuka, na uguse kila kifuniko cha beringi kwa kiganja. Cha uvuguvugu ni sawa. Kinachokufanya uondoe mkono, kifunguliwe leo hii.